Msumeno wa Meza Ukisumbua, Uzime Kwanza

Tuseme wewe ni fundi seremala. Karakana yako iko Rulenge, au Kabanga, au Nyakahura. Shule ya kijiji inataka madawati. Mbao zimefika. Umewasha mashine, umesukuma ubao wa kwanza. Mara unasikia harufu ya kuungua. Moshi unatoka. Ubao unakwama katikati. Ukiutoa, kingo zake ni nyeusi kama mkaa.

Unafanya nini?

Mafundi wengi husukuma kwa nguvu zaidi. Wengine humwita mwenzao aje avute upande wa pili. Wengine husema mashine imechoka, inunuliwe nyingine. Wapo hata wanaosema kwamba karakana imerogwa.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mashine haikuchoka, wala haikurogwa. Mashine inakwambia jambo. Moshi ni neno. Kelele ni neno. Mtetemeko ni neno. Kazi yako ni kulielewa neno hilo kabla halijakukata vidole.

Makala hii itakueleza matatizo ya kawaida ya msumeno wa meza, namna ya kujua chanzo chake, na namna ya kuyaondoa. Isome polepole. Kisha isome tena pamoja na wenzako mkiwa karibu na mashine, lakini mashine iwe imezimwa.

MASHINE IMEFIKA KIJIJINI

Zamani katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake alisimama chini. Walivuta msumeno kutwa nzima, na jioni walikuwa na mbao chache tu.

Sasa mambo yamebadilika. Umeme umefika katika vijiji vingi. Kwenye maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Wilaya ya Ngara na nchi ya Rwanda, pamejengwa mitambo ya umeme wa maji yenye uwezo wa megawati 80. Umeme huo unagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mahali ambapo umeme haujafika, mafundi hutumia injini ya dizeli.

Msumeno wa meza ni mashine rahisi kuielewa. Kuna meza ya chuma. Chini ya meza kuna shafti inayozunguka juu ya beringi mbili. Kwenye shafti kumefungwa msumeno wa mviringo. Mota au injini huzungusha shafti kwa mkanda na puli. Juu ya meza kuna chuma kilichonyooka cha kuongoza ubao. Katika makala hii tutakiita kiongozi.

Mashine nyingi za aina hii zimechomelewa na mafundi wetu wenyewe hapa nchini. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mashine iliyotengenezwa kwa mkono inahitaji kupimwa na kurekebishwa mara kwa mara. Nati hulegea. Kiongozi husogea. Beringi huisha.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Kwanza, mbao ni mali. Wazee wa Ngara wanakumbuka mwezi wa Aprili mwaka 1994. Kwa muda wa siku moja hivi wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kukaa Benako. Watu hao walikuwa na shida kubwa, na walihitaji kuni na miti ya kujengea. Vilima vilivyokuwa na miti vilibaki vitupu. Tangu hapo tunajua kwamba mti hukatwa kwa dakika chache, bali huchukua miaka mingi kukua. Ubao unaoungua kwenye mashine ni mti uliopotea bure.

Fanya hesabu hii. Tuseme una mbao 60, na katika kila mbao 10 unaharibu 1. Umeharibu mbao 6. Kama dawati moja linahitaji mbao 3, umepoteza madawati 2. Kama kila dawati lina nafasi ya watoto 3, basi watoto 6 watakaa chini sakafuni. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto wengi walijaa shuleni na madawati yalihitajika kwa haraka nchi nzima. Fundi aliyeijua mashine yake alipata kazi. Fundi aliyeharibu mbao alipata hasara.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, kuna mikono yako. Kidole kilichokatika hakioti tena. Watu husema ajali haina kinga. Ndugu msomaji, usikubali. Ajali nyingi za msumeno zina kinga, nazo huanza kwa tatizo dogo ambalo fundi aliliona akalipuuza.

SHERIA YA KWANZA: ZIMA, TOA, NGOJA

Kabla ya kugusa kitu chochote chini ya meza au karibu na meno, fanya mambo matatu.

1. Zima mashine.
2. Chomoa waya wa umeme kwenye soketi. Kama waya umefungwa moja kwa moja, zima swichi kuu, kisha mweke mtu wa kuilinda. Kama unatumia injini ya dizeli, zima injini na vua mkanda kwenye puli.
3. Ngoja msumeno usimame kabisa. Usiusimamishe kwa kipande cha mbao.

Umeme ukikatika ghafla kazini, zima swichi papo hapo. Ukirudi wakati mkono wako uko kwenye meno, hutakuwa na nafasi ya kujuta.

TATIZO LA 1: UBAO UNAUNGUA

Moshi na kingo nyeusi vina sababu nne za kawaida. Anza na iliyo rahisi.

Sababu ya kwanza ni utomvu. Mti wa msindano una utomvu mwingi. Utomvu huganda kwenye meno na kuyafanya yasugue badala ya kukata. Fungua msumeno. Uloweke katika maji ya moto yenye sabuni. Usugue kwa brashi, ukaushe vizuri, kisha upake mafuta kidogo usishike kutu.

Sababu ya pili ni meno butu. Tazama ncha ya jino kwenye mwanga wa jua. Jino kali halionyeshi mng'ao kwenye ncha. Jino butu lina kialama cheupe kinachong'aa. Pia tazama unga wa mbao. Meno makali hutoa chembechembe. Meno butu hutoa vumbi laini sana.

Msumeno wa chuma kitupu unanolewa kwa tupa. Piga kila jino idadi sawa ya tupa, ili meno yote yabaki na kimo kimoja. Meno yake pia yamepindishwa kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia ya mkato iwe pana kuliko bamba la msumeno. Yakinyooka, bamba litasugua mbao. Lakini kama meno yana vipande vya chuma kigumu vilivyobandikwa kwenye ncha, usitumie tupa. Tupa haikiwezi chuma hicho. Peleka msumeno huo kwa fundi mwenye jiwe la almasi.

Sababu ya tatu ni kiongozi kilichopinda. Hii ndiyo inayowasumbua mafundi wengi bila wao kujua. Ipime hivi:

Chomoa umeme. Chagua jino moja, ulitie alama kwa chaki. Lizungushe kwa mkono mpaka lifike mbele, upande unaosimama wewe, sawa na uso wa meza. Pima kutoka jino hilo mpaka kwenye kiongozi. Andika. Kisha lizungushe jino lile lile mpaka nyuma ya msumeno, sawa na uso wa meza. Pima tena. Andika.

Vipimo viwili viwe sawa. Tuseme mbele umepata milimita 100 na nyuma milimita 97. Maana yake ni kwamba ubao unaingia kwenye nafasi ya milimita 100, halafu unalazimishwa kupita kwenye nafasi ya milimita 97. Utabanwa. Utaungua. Au utarushwa. Legeza nati za kiongozi, kisogeze, kaza, kisha pima tena. Kipimo cha nyuma kisiwe kidogo kuliko cha mbele hata kidogo.

Tunatumia jino lile lile mara zote mbili kwa sababu msumeno wenyewe unaweza kuwa umepinda. Ukitumia meno mawili tofauti, kipimo kitakudanganya.

Sababu ya nne ni mwendo wa mkono wako. Ukisukuma polepole mno, au ukisimama katikati, meno yanasugua mahali pamoja. Sukuma kwa mwendo mmoja usiobadilika.

TATIZO LA 2: UBAO UNABANA MSUMENO

Unapasua ubao, na njia ya mkato inajifunga nyuma ya msumeno. Mashine inalia na mota inataka kusimama.

Mara nyingi kosa liko kwenye mbao. Mkaratusi hukua na nguvu ndani yake. Ukiupasua, vipande viwili hujikunja. Mbao mbichi nayo husumbua. Panga mbao zako kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na ziache zikauke kabla ya kuzipasua kwa kazi ya mwisho.

Dawa ya mashine yenyewe ni kisu cha nyuma. Hiki ni kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno na kuingia katika njia ya mkato ili isijifunge. Mashine nyingi za vijijini hazina kisu hiki. Mwombe mchomeleaji akutengenezee. Mpe vipimo hivi:

Unene wake uzidi bamba la msumeno, lakini uwe mdogo kuliko njia ya mkato. Kwa mfano, bamba likiwa milimita 2, na mkato milimita 3, kisu kiwe milimita 2 na nusu. Kisimame sawasawa na msumeno, bila kupinda. Nafasi kati yake na meno isizidi milimita 8. Kimo chake kiwe chini kidogo ya ncha ya juu ya msumeno.

Ubao ukibana, usiuvute kurudi nyuma huku mashine inazunguka. Ushike imara na umwambie mwenzako azime. Msumeno ukisimama, toa ubao.

TATIZO LA 3: UBAO UNARUSHWA

Hili ndilo tatizo la hatari kuliko yote. Meno ya mbele ya msumeno hushuka. Meno ya nyuma hupanda na kurudi upande wako. Ubao ukibanwa nyuma, meno hayo huunyanyua na kuurusha kifuani au usoni mwako. Hakuna mtu mwenye mbio za kuukwepa. Na mkono uliokuwa umeshika ubao unaweza kuvutwa kwenye meno.

Sababu zake ni zile zile tulizokwisha kuona: kiongozi kilichopinda, meno butu, mbao inayojikunja, na kukosa kisu cha nyuma. Ndiyo maana fundi mwerevu hapuuzi moshi. Moshi wa leo ni ubao utakaorushwa kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jikinge hivi:

Usisimame nyuma ya msumeno moja kwa moja. Simama pembeni kidogo.

Usipasue ubao bila kuuegemeza kwenye kiongozi. Mkono haunyooki kama chuma.

Meno yatokeze juu ya ubao kwa kiasi cha kimo cha jino moja tu.

Mkono ukikaribia meno, tumia kijiti cha kusukumia. Kitengeneze leo kwa kipande cha ubao. Kikate mdomo kama wa ndege ili kishike ncha ya ubao. Kijiti kikikatwa na msumeno, utatengeneza kingine.

Usivae glavu, wala shati lenye mikono mipana. Meno hushika kitambaa na kuvuta mkono wote. Akina mama na akina dada mnaofanya kazi hii, fungeni kanga na vilemba vizuri.

Msumeno uwe na kifuniko juu, na mkanda uwe na kifuniko pembeni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Kama unao vijana wanaojifunza kwako, wewe ndiye unayewajibika.

TATIZO LA 4: MASHINE HAINA NGUVU

Msumeno unapunguza mwendo kila unapogusa ubao. Tazama mkanda kwanza. Mashine ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ushuke kiasi cha unene wa kidole. Ukishuka sana, umelegea, unateleza kwenye puli. Kaza. Lakini usiukaze kama uzi wa zeze, utaua beringi.

Kisha tazama waya. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu ya umeme, na mota huungua. Tumia waya mnene na mfupi. Usiuache umekunjwa kama kamba wakati mashine inafanya kazi, kwa sababu utapata joto.

Kama mota inanguruma lakini haizunguki, zima mara moja. Chomoa umeme na uzungushe msumeno kwa mkono. Kama umekwama, toa kipande cha mbao kilichoubana. Kama unazunguka vizuri, tatizo liko kwenye umeme. Huenda ni kapasita, au kwa mota ya fezi tatu, fezi moja imekosekana. Hapo mwite fundi umeme. Kapasita hushika umeme hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo usiiguse.

Mashine ikizunguka kinyumenyume baada ya mota ya fezi tatu kuunganishwa, usiitumie. Fundi umeme atabadilisha nyaya mbili, nayo itazunguka sawa.

Tupige hesabu ya mwendo pia. Mota ina kibandiko kinachoonyesha mizunguko kwa dakika. Tuseme ni 1,440. Puli ya mota ni inchi 6. Puli ya shafti ni inchi 3. Gawa 6 kwa 3, unapata 2. Zidisha 1,440 kwa 2, unapata 2,880. Huo ndio mwendo wa msumeno wako. Sasa soma namba iliyoandikwa kwenye msumeno. Ni mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa. Mwendo wako usiuzidi. Ukibadilisha puli bila kupiga hesabu, msumeno unaweza kupasuka. Ndugu msomaji, hapa kujua kusoma na hesabu kunaokoa maisha.

TATIZO LA 5: KELELE NA MTETEMEKO

Chomoa umeme. Shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha au nati zake zimelegea. Zungusha kwa mkono na usikilize. Beringi nzima ni kimya. Beringi mbovu inasaga kama mchanga. Beringi inayopata joto mpaka huwezi kuiwekea mkono, badilisha.

Ili kujua kama msumeno umepinda, pigilia msumari kwenye kipande cha ubao. Kibane mezani ili ncha ya msumari ikaribie kugusa bamba. Zungusha msumeno kwa mkono. Kama nafasi inapungua na kuongezeka, msumeno umepinda, au kuna unga wa mbao kati ya msumeno na sahani zinazoubana. Safisha sahani kwanza, kisha jaribu tena.

Tazama kama bamba lina ufa, hasa kwenye mashina ya meno. Msumeno wenye ufa haufai tena. Usiuchomelee. Usiutumie hata kwa ubao mmoja. Uvunje, mtu mwingine asije akaufunga.

TATIZO LA 6: MKATO HAUKO WIMA

Dawati linayumba kwa sababu mbao hazikukatwa wima. Weka guniya mezani, iegemee bamba la msumeno bila kugusa meno. Ukiona mwanga kati yake, rekebisha meza au shafti.

Kisha hakikisha kwa ubao. Pasua ubao katikati. Geuza kipande kimoja chini juu. Sasa viunganishe vipande viwili pale vilipopasuliwa, juu ya meza iliyonyooka. Kama hakuna nafasi, mkato ni wima. Ukiona nafasi, kosa la mashine ni nusu ya nafasi hiyo.

AJALI IKITOKEA

Mtu akikatwa, zima mashine. Bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya moyo. Endelea kubana bila kufunguafungua. Kama kidole kimekatika kabisa, usikitupe. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki, ufunge, kisha weka mfuko huo juu ya maji baridi sana au barafu. Kidole chenyewe kisiguse maji wala barafu. Mwahishe mgonjwa hospitalini, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo. Usipake majivu, wala dawa ya meno, wala mafuta ya taa.

ANZA LEO

Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha mashine, tumia robo saa tu. Kaza nati. Safisha meno. Pima kiongozi mbele na nyuma. Bonyeza mkanda. Tikisa shafti. Andika vipimo katika daftari la karakana pamoja na tarehe. Baada ya miezi michache daftari hilo litakwambia ni kitu gani kinachoharibika mara kwa mara.

Ukitaka kujifunza zaidi, ulizia vyuo vya ufundi vya VETA, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, au ofisi ya SIDO.

Sasa rudi kwenye karakana yako. Ubao ule bado uko mezani na kingo zake ni nyeusi. Usiusukume. Chomoa waya. Chukua chaki na kipimo. Tia alama kwenye jino moja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tunapima kiongozi kwa kutumia jino lile lile?
2. Mota inazunguka mara 1,400 kwa dakika. Puli yake ni inchi 8, na puli ya shafti ni inchi 4. Msumeno unazunguka mara ngapi?
3. Je, karakana ya kijiji chenu ina kisu cha nyuma, kifuniko na kijiti cha kusukumia? Kama haina, nani atavitengeneza, na lini?